Mashine ya Papa Ambroise Hulia Saa Tano

Jirani wa kwanza kuhama alikuwa fundi cherehani. Alipakia cherehani kwenye toleka moja, baiskeli ya abiria, mke wake kwenye toleka nyingine, akaenda kulala kwa shemeji yake upande wa Tshopo. Wa pili alikuwa mchungaji wa kanisa la chumba kimoja, yule aliyewaahidi watu wa avenue kwamba atamfunga shetani wa mashine kabla ya chakula cha mchana. Aliingia uwanjani kwa Papa Ambroise Alhamisi, saa tano kasoro dakika tano. Saa tano na dakika mbili watu walimwona akitoka, Biblia kwapani, viatu mkononi.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, Inspekta Angèle Kanyere alipofika mtaa wa Kabondo na mfuko wake wa karatasi, hakukuta umati wa kuhoji. Alikuta mbuzi mmoja amefungwa kwenye mpapai, na Papa Assumani amekaa juu ya kigoda mbele ya nyumba yenye kufuli, kama mtu anayelinda maiti.

Papa Assumani alikuwa mzee wa Kindu, kofia nyeupe, meno machache lakini yote yanafanya kazi. Miaka mingi iliyopita yeye na Mumbere Ambroise walikuwa wakiongea kwenye phonie, ile redio ya masafa marefu, kwa niaba ya kampuni moja ya kahawa. Kampuni ilikufa, urafiki ukabaki. Ndiye aliyekwenda polisi jana. Alieleza taratibu, na inspekta akaandika.

Ambroise hajaonekana tangu Jumanne jioni. Jumatano asubuhi na mapema, ofisi ya kartie, serikali ya mtaa, ilikuja kufunga nyumba kwa kufuli na karatasi yenye muhuri, eti kwa usalama wa mali. Na siku hiyohiyo saa tano kamili, ndani ya nyumba iliyofungwa, mashine ikaamka na kulia. Alhamisi saa tano, tena.

Mashine yenyewe kila mtu wa avenue aliijua. Ni ordinateri, kompyuta ya rangi ya meno ya mvuta tumbaku, Ambroise alipewa na kampuni mwaka 1999 badala ya mshahara. Imeunganishwa na kisanduku, kisanduku na phonie, phonie na waya mrefu unaotoka chumbani mpaka kwenye mti wa jirani. Kila siku saa tano inaita kituo cha Bafwasende, na wakati wa kuita inalia kama paka aliyefungiwa ndani ya pipa. Wakiitikia, barua zinaingia, herufi baada ya herufi. Kisangani nzima ina intaneti mfukoni, hata muuza makayabu, samaki wa chumvi, anaangalia video; Ambroise alikuwa bado anapigia simu msitu. Vijana walimcheka mpaka wakachoka. Yeye alikuwa na jibu moja. Binti yake Gracia alipotea katika vita vya mwezi wa sita mwaka 2000, akiwa na miaka kumi na tisa, na anwani pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ile ya mashine.

"Alisemaka hivi," Papa Assumani alisema. "Mutoto anajua mulango moja tu ya kubisha. Mimi nikihama, atabisha wapi?"

"Na alibisha?"

Mzee alitazama mbuzi kwanza. "Jumanne. Saa tano. Ambroise alitoka humu ndani miguu wazi, karatasi mukononi, analia kama mutoto mudogo. Gracia iko muzima, mama. Iko Bafwasende. Anangojea tu jibu, apande moto, ile pikipiki, akuje."

Mchana huohuo Ambroise alivaa koti, akaenda ofisi ya kartie kuandikisha jina la binti yake kwenye karatasi za kiwanja. Alirudi anapiga mluzi. Jioni akawa hayupo.

Inspekta aliuliza ni nani alimpokea ofisini. Papa Assumani hakujua. Aliuliza kama Ambroise alikuwa amemjibu binti. Hakujua pia. Kupiga simu Bafwasende haikuwezekana: mnara wa huko ulikuwa umenyamaza tangu mvua ya Jumanne usiku. Kama kulikuwa na njia ya kujua Gracia yuko wapi saa hii, ilikuwa nyuma ya lile kufuli.

Aliinama sikioni kwa mzee, akamwambia maneno machache. Mzee aliitikia kwa kichwa, akavuta kigoda karibu zaidi na mlango.

Sheria ilitaka muhuri uvunjwe mbele ya aliyeuweka. Sekretari wa kartie, Arthur, alikuja na koti, marashi, na tampon, ule muhuri wa mpira, mfukoni mwa shati mahali wengine wanapoweka kalamu. Fundi Moïse alikuja naye, au tuseme alisukumwa naye. Moïse alitengeneza simu karibu na soko, alikuwa na mwili wa watu wawili na roho ya nusu mtu.

"Mama Inspekta, mimi ninatengenezaka vitu vilivyokufa," alisema. "Hii yenu haijakufa. Iko muzima, haiko kazi yangu."

"Ukifa, Moïse, nitakuandikia certificat ya kifo mimi mwenyewe."

"Merci. Muandike nilikuwa mwembamba."

Arthur hakucheka. Aliomba karatasi ya ushahidi, akaiweka juu ya goti, akaandika mada yake juu kabisa kwa mwandiko mzuri: *Concerne: kufunguliwa kwa mulango.* Inspekta alimuuliza kama Jumatano, kabla ya kufunga, aliingia ndani kukagua. Hapana, alisema Arthur. Alibaki mlangoni. Hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba hii hata siku moja. Yeye ni mtu wa karatasi. Akafungua kufuli, akaliacha likining'inia na ufunguo wake.

Ndani kulikuwa giza, madirisha yamefungwa kwa mbao. Inspekta alipiga hatua tatu, kitu chembamba kikamkata shingoni. Alirudi nyuma. Ni waya wa phonie tu, umevutwa toka ukuta hadi ukuta, usawa wa koo. Nyuma yake Moïse alikamatwa na waya uleule, akataja watakatifu wote wa mama yake.

Arthur aliinamisha kichwa, akapita chini yake, akanyoosha koti.

Inspekta aliliona hilo. Aliwasha tochi ya simu.

Meza moja. Kitanda kimetandikwa. Ukutani, karatasi ya maelezo imebandikwa, mwandiko wa Ambroise: washa, ngoja, bonyeza hapa, bonyeza pale, hatua saba. Madirisha yana nondo, zote nzima. Juu, plafond, dari ya mbao za triplex, ina madoa ya mvua. Chini ya meza, jani la kufungia chikwangue, mkate wa muhogo. Alilichukua, akalikunja. Jani la siku tatu huvunjika. Hili lilikunjika kama kitambaa.

Na mashine ilikuwa inawaka. Kioo kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani pembeni: tarehe ya leo, saa nne na dakika thelathini na moja. Aliangalia saa yake. Ilikuwa sawasawa.

"Moïse, ilikuwa inawaka tangu Jumanne?"

"Haiwezekani, mama. Courant ya umeme ilikatika jana mchana, watu wa barrage na hiyo délestage yao ya kukata kwa zamu. Imerudi leo saa kumi na mbili." Moïse alisogeza pua kwenye kioo, na kwa sababu ni fundi, woga ukamwacha kidogo. Akaonyesha kidude cha duara nyuma ya kisanduku. "Hii njo pile, batri ya saa. Imekufa, labda tangu mimi niko kwa masomo ya primaire. Donc kila mara courant ikikatika ao mutu akiizima, mashine inasahau siku. Inaamka, inafikiri iko tarehe moja ya Januari 1999, saa sita ya usiku. Mutu lazima aingize tarehe na saa kwa mukono. Asipoingiza, haijui saa tano itafika wakati gani, haiwezi kulia yenyewe."

"Kwenye karatasi ya ukutani imeandikwa?"

Moïse alisoma hatua saba, kidole kikifuata. "Hapana. Haiko. Mzee alikuwa anafanya bila kufikiri, kama vile mutu anavua viatu mlangoni."

Inspekta akapiga hesabu kichwani. Hesabu ilikuwa fupi. Courant ilirudi saa kumi na mbili. Muhuri ulikuwa mzima, nondo nzima. Tarehe iliyo kwenye kioo ilikuwa ya leo. Kwa hiyo asubuhi hii, kati ya saa kumi na mbili na sasa, vidole vya mtu vilikuwa juu ya vitufe vya hii klavye.

Na mtu huyo hakuwa na mahali pa kutokea: bado yumo.

Unga mweupe, mdogo kama chumvi, ulianguka toka juu ukatua kwenye herufi za klavye. Inspekta aliufuta kwa kiganja, kama anayesafisha. Hakuinua macho.

"Kuna kitu?" Arthur aliuliza. Alikuwa amesimama kati yake na mlango.

"Vumbi," alisema. "Moïse, hii mashine inaandika mahali kazi yake? Inaita lini, inatuma nini?"

Ilikuwa inaandika. Moïse alifungua orodha, na inspekta akasogea mpaka bega lake likafunika kioo. Jumanne, saa tano: barua moja imeingia. Jumatano, saa tano: imeita, hakuna jibu. Alhamisi, saa tano: imeita, hakuna jibu. Katikati, baada ya Jumanne na kabla ya Jumatano, kulikuwa na mstari mmoja uliokaa kama mgeni asiyealikwa. Tarehe moja Januari 1999, saa sita na dakika saba usiku. Barua moja imetumwa.

Mtu aliwasha mashine, akafuata karatasi ya ukutani hatua kwa hatua, na hakuingiza tarehe kwa sababu haikuandikwa. Ambroise asingefanya kosa hilo hata amelewa.

Inspekta aliifungua ile barua na kuisoma kimya.

*Concerne: kurudi kwako. Mademoiselle Gracia, barua yako tumeipokea vizuri. Ijumaa ushuke kwa kilomita 23, usifike mjini. Watu wawili wenye moto nyeusi watakungojea. Usiambie mutu. Salutations distinguées. Papa.*

Alisoma mara ya pili. Mzazi anangoja miaka ishirini na tano, mtoto anafufuka, na yeye anamwita mademoiselle, anamwekea concerne kama anamwandikia mtu wa kodi. Katika mkono wake wa kushoto bado alikuwa ameshika karatasi ya ushahidi aliyoiandika Arthur mlangoni. Hakuwa na haja ya kuiangalia tena.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Alifikiria avenue nzima iliyohama. Cherehani imekwenda, mchungaji amekwenda. Mtu akipiga kelele humu ndani, watu watasema ni mashine. Yeye hakupewa bastola, alipewa daftari. Moïse alikuwa na tournevis, bisibisi ya simu, basi.

Chini ya orodha kulikuwa na mstari wa mwisho. Barua moja inangoja kutumwa, saa tano ya leo. Inspekta aliona maneno mawili ya kwanza, *Gracia usitoke*, akafunga orodha kabla Moïse hajafungua mdomo. Saa yake ilisema saa nne na dakika arobaini na nane.

"Mama Inspekta," Arthur alisema kwa upole, akisogea kuelekea kona ya tundu la umeme, "hii kitu inatesa raia. Watu wanakimbia nyumba zao. Mimi ninasema tukate courant, tubebe mashine mpaka ofisi. Nitawapa décharge, karatasi ya kupokea."

Mkono wake ulikuwa tayari unanyooka. Inspekta alimgeukia. Alitabasamu.

"Bila inventaire, Monsieur le Secrétaire?"

Mkono ulisimama.

"Unatoa kitu kwenye nyumba yenye muhuri, bila kuandika? Kesho wakubwa wako watauliza. Atajibu nani, huyu Moïse?"

Kila mtu ana udhaifu wake. Arthur alivuta kiti. Alipiga mstari kwa rula, alichora safu tatu, akaandika juu, *Concerne: inventaire ya vitu*. Inspekta akaanza kumtajia. Meza moja ya mbao, mguu mmoja umefungwa kamba. Kamba yenyewe, rangi ya bluu. Klavye moja, herufi K imefutika. Waya mmoja mweusi. Waya mmoja mweusi mwingine. Arthur alitaka kuziandika pamoja, "waya mbili nyeusi". Inspekta alisema hapana, hazilingani urefu, zipimwe. Moïse alipima kwa viganja, jasho linadondoka kwenye kidevu. Juu yao mbao ililia mara moja, taratibu, kama mtu anayebadilisha goti.

"Panya," alisema inspekta. "Andika: panya, idadi haijulikani."

Arthur alianza kuandika, kisha akaacha. Aliinua macho kwenye plafond. Aliyashusha kwenye jani la chikwangue. Kalamu ilibaki hewani.

Ndipo mashine ikalia.

Kwanza ni mlio mmoja mwembamba, kisha ngurumo ya mchanga, kisha paka na pipa na kila kitu kwa pamoja, ndani ya chumba kidogo chenye mabati juu. Inspekta alikuwa anajua kwamba itakuja, na bado aliziba masikio. Arthur alirusha karatasi, akaruka kuelekea kona.

"Moïse, kaa!"

Moïse hakuuliza kaa wapi. Aliona tundu la umeme, aliona Arthur, akaketi. Aliketi na ukubwa wake wote juu ya prise, mgongo ukutani, macho yamefumbwa, anaomba kwa sauti. Arthur alimvuta shati. Likapasuka, Moïse hakusogea. Basi Arthur akageuka, akanyoosha mkono gizani, juu, usawa wa koo, bila kutafuta, akaukamata waya wa phonie.

"Wacha antenna yangu," ilisema sauti toka juu.

Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye kiu. Arthur aligandama, mdomo wazi, vidole bado kwenye waya, na inspekta akavibandua kimoja kimoja kana kwamba ni vya mtoto aliyelala. Kelele ya mashine ilikoma.

Kisha kijani kikaanza kutembea kwenye kioo, herufi moja, nyingine.

*HAPA BAFWASENDE. OSÉE WA PHONIE. TULIKUWA BILA BATRI SIKU MBILI.*

Arthur aliamka kutoka kwenye mshtuko wake, akakimbilia mlango. Ulikuwa umefungwa. Nje, Papa Assumani alikuwa amefanya alichoambiwa sikioni: ikilia, funga, anayekimbia wa kwanza ndiye ninayemtaka. Sekretari aliugonga mlango wa kufuli lake mwenyewe kwa mabega, mara nne, kisha akateleza chini na koti lake.

*BARUA YA SASA IMEFIKA. "GRACIA USITOKE, USISHUKE KILOMITA 23, ALIYEANDIKA SI MIMI."*

Mstari ulikatika. Kimoja cha vibao vya triplex kilisogea, mguu mwembamba ukatokea, suruali imekunjwa, ukitafuta kitanda. Hakuna aliyeusaidia. Wote walikuwa wanatazama kioo.

*GRACIA*

Herufi zilisimama. Moïse aliacha kuomba. Inspekta alijua motokari na moto za Bafwasende huondoka alfajiri. Alijua mtu anayekwenda kumwona baba yake baada ya miaka ishirini na tano hangoji kiamsha kinywa.

*BARUA GANI YA KILOMITA 23? HATUKUIONA. NGOJA.*

Walingoja. Mzee alikuwa ameshuka sasa, amesimama kwenye kitanda chake kwa miguu michafu, ameshika ukuta.

*NIMETAFUTA. IKO CHINI KABISA YA ZOTE. IMEANDIKWA JANUARI 1999, MASHINE YETU IMEIPANGA NA ZA ZAMANI. NANI ANASOMAKA ZA ZAMANI?*

*GRACIA IKO HAPA NYUMA YANGU. ANALALA KWA MLANGO WANGU TANGU JUMANNE ANANGOJA JIBU. ANAULIZA*

Courant ikakatika.

Chumba kikarudi gizani. Kisha mfuko wa Arthur ukaanza kuwaka na kuimba. Inspekta aliitoa simu mwenyewe, akaiweka kwenye sikio la sekretari, na sikio lake likawa karibu.

"Chef," sauti ya mwanaume ilisema, na upepo wa barabara nyuma yake. "Tuko kwa kilomita 23 tangu asubuhi. Moto tano zimepita. Mwanamuke haiko. Tungoje, ao tufunike shimo?"

Moïse, pale chini kwenye prise, alitoa sauti ndogo.

Inspekta alimwonyesha Arthur kidole kimoja, akamnong'oneza neno la kusema. Arthur alilisema, kwa sauti ya karatasi.

"Mungoje."

Papa Assumani alipofungua, jua liliingia likamkuta Arthur na pingu, na inspekta anaitisha gari kwa simu yake, kilomita, idadi ya watu, rangi ya moto. Wazee wawili hawakusalimiana. Assumani alimpa mwenzake maji kwenye kikombe cha bati. Ambroise alikunywa nusu, nusu akanawa vidole. Alieleza kwa maneno machache: Jumanne jioni alisikia watu watatu kwenye uwanja, akapanda juu, akawasikia wakisema kiwanja kimeshauzwa na mrithi asifike mjini. Asubuhi walimfungia ndani bila kujua. Kupiga kelele hakukufaa. Jirani yeyote angekimbilia kwa mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa yule mwenye pingu.

"Kiwanja chako Arthur alimuuzia nani?" inspekta aliuliza. Ambroise hakujua. Arthur alitazama chini. Kwa hiyo kulikuwa na mnunuzi mahali fulani mjini, na mnunuzi huyo naye alikuwa na simu. Aliandika hilo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Balbu ya uwanja iliwaka. Courant imerudi. Ndani, mashine ilikohoa, kioo kikajaa kijani: tarehe moja Januari 1999, saa sita kamili ya usiku. Moïse alimwambia mzee afanye haraka, abonyeze tu kuita, binti yuko pale mlangoni.

Ambroise alivuta kiti. Alikausha vidole kwenye suruali, akamwomba inspekta amsomee saa yake, dakika na sekunde, na akaanza kuingiza tarehe ya leo.